Chujio Lililobaki Mombasa: Waraka kwa Mwenyekiti wa Mradi Wetu wa Maji

Mbeere Kusini,
Kaunti ya Embu.

Kwa Mwenyekiti na Kamati ya Mradi wa Umwagiliaji, ukingo wa Bwawa la Kamburu.

MINTARAFU: KIFAA AMBACHO HAKIKATIWI UTEPE

Mzee Mwenyekiti,

Nakuamkua kwa heshima zote, wewe na kamati yako, kuanzia makamu hadi mjumbe wa vijana, ambaye nasikia juzi amepata mjukuu. Natumai waraka huu utakukuta u mzima. Natumai pia utakukuta, kwa maana nyaraka nilizoleta kwa bahasha naambiwa zingali zinangoja nafasi kwenye ajenda, chini ya “Mengineyo”, nasi sote twajua mikutano yetu huwa imekwisha kabla ya kufika Mengineyo. Ndipo nikaona huu niuandike wazi, ili ukikosa nafasi kwenye ajenda upate nafasi kwa kinyozi.

Nianze na pongezi. Siku ya uzinduzi ilifana. Mahema yalikuwa meupe, fulana zilitosha kila mtu isipokuwa wanachama, na mgeni rasmi alibonyeza swichi mara ya kwanza tu maji yakatoka. Akina mama wakapiga vigelegele. Mbuzi walichinjwa kwa idadi ambayo mweka hazina bado anaihesabu. Jiwe la ufunguzi lilichongwa vizuri, na majina ya wanakamati yote yamo, hata la yule aliyejiuzulu. Nimelisoma jiwe lile mara nyingi, kwa kuwa tangu injini ife ndicho kitu pekee pale bandani kinachofanya kazi yake.

Sasa tuzungumze juu ya injini.

Mliinunua Mombasa, ikiwa imetolewa kwenye boti. Nasema hivyo bila kuiona risiti, na kwa jambo hilo niko sawa na kila mwanachama. Kabla ya kurudi nyumbani kulima nilikuwa fundi wa injini za boti, Kilindini na Mtwapa, na injini ya boti haijifichi. Haina feni. Haina radieta mbele yake. Ubavuni ina kipampu kidogo cha shaba chenye kifuniko cha skrubu, na bomba lake la moshi lina kiwiko chenye tundu la kuingizia maji. Injini ya gari hupozwa na upepo unaopita kwenye radieta, lakini ya boti imefungiwa tumboni mwa chombo, mahali ambapo upepo haufiki. Hupozwa na maji yale yale inayoelea juu yake.

Kipampu kile cha shaba huvuta maji ghafi kutoka nje na kuyasukuma ndani ya kipoza-joto, ambacho ni mzinga wenye mirija myembamba mingi iliyolala sambamba. Ndani ya mirija hupita maji ya bahari, na nje yake huzunguka maji safi ya injini yenyewe, yasiyotoka kamwe. Joto huvuka ukuta wa mrija, maji ya bahari huondoka nalo, humwagwa ndani ya bomba la moshi ili kuupoza moshi, kisha hurudi yalikotoka. Ni mpango mzuri, nami nimewahi kuziona injini zilizoishi kwa mpango huo miaka mingi kuliko wenye boti. Ila mirija ile ni myembamba, na haina mahali pa kumweka mgeni ambaye si maji.

Kwa hiyo kila boti huwa na chujio kati ya tundu la chombo na kipampu. Ni chombo cha kawaida tu: kikombe chenye kifuniko cha kufungua kwa mkono, ndani yake kikapu chenye matundu, na mara nyingi ubavu wake ni wa plastiki angavu ili fundi achungulie bila kukifungua. Pwani utakuta ndani yake mwani, vipande vya nailoni, samaki wadogo wenye bahati mbaya, na msimu wa yavuyavu utakuta uji mtupu. Unalifungua, unakimwaga kikapu, unakisuuza, unaendelea na safari.

Hapa ndipo pesa zetu zilipozama, mzee wangu, kwa hiyo nakuomba usome polepole. Chujio halifungwi kwenye injini. Hufungwa kwenye ukuta wa boti, karibu na valvu ya kuingizia maji. Anayeuza injini hukata hosi, hunyanyua injini kwa mnyororo, na chujio hubaki ukutani. Muuzaji hakuwaibia. Mliagiza injini, akawapa injini. Chujio letu liko Mombasa mpaka leo, labda linachuja maji ya injini nyingine, ya mtu mwingine, na naamini mtu huyo hana kamati.

Najua ujumbe uliotumwa kuinunua ulikuwa na watu watano, na kwamba hapakuwa na fundi kati yao. Naelewa. Fundi angechukua kitanda cha mtu. Ripoti yao nimeisoma. Ina ukurasa mzima juu ya muguka wetu, yale majani ya kutafuna, jinsi Kaunti ya Mombasa ilivyoupiga marufuku Mei 2024 na jinsi Mahakama Kuu hapa Embu ilivyoisimamisha amri hiyo. Ni habari inayomhusu kila mkulima wa Mbeere, siipingi. Kuhusu injini kuna mistari minne, na mmoja unaeleza rangi.

Huenda mlidhani chujio ni la watu wa bahari, na kwamba maji ya bwawa ni safi. Ukiyatazama Kamburu mwezi wa Februari asubuhi hutakosa kufikiri hivyo. Lakini tukumbuke maji hayo yanatoka wapi. Sehemu moja ni Tana yenyewe, inayopitia Masinga kwanza. Masinga ilikamilika 1981, miaka saba baada ya Kamburu, na kazi yake mojawapo ambayo haikuandikwa kwenye jiwe lolote ni kumeza udongo wa Nyandarua na Mlima Kenya kabla haujatufikia. Wahandisi walikadiria kiasi cha udongo ambao ungeingia humo, lakini udongo haukusoma makadirio, ukaja mwingi zaidi. Bado, Masinga inatusaidia. Asiyetusaidia ni Thiba. Thiba haupiti Masinga. Unashuka kutoka mlimani, unayapitia mashamba ya mpunga ya Mwea, unapokea Rupingazi uliokwisha kupita kando ya mji wa Embu, kisha unaingia Kamburu moja kwa moja bila kupigwa msasa na mtu. Masika yakianza, kila kilichoachwa kwenye mteremko kinakuja: udongo mwekundu, majani ya kahawa, mabua ya mahindi, na mifuko ya plastiki ambayo nchi hii iliipiga marufuku Agosti 2017 na ambayo haijapata habari.

Na mliyaona mafuriko ya Aprili na Mei 2024, wakati mabwawa yote matano, Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, yalipojaa yakamwaga. Magogo yaliyofika ukingoni kwetu wakati ule bado tunayachoma kuni. Jirani zetu wa kampuni ya umeme ya KenGen hawakushtuka, maana mlango wa maji wa kila kituo chao una kimia cha nondo cha kuzuia takataka. Gitaru ina megawati 225, kituo kikubwa kuliko vyote vinavyotumia maji nchini, lakini hawakuona aibu kuweka kimia. Sisi tuna injini moja ya mtumba na tuliona kimia ni woga.

Tena si sisi wa kwanza kufundishwa somo hili na maji baridi. Gugumaji lilipotanda Ziwa Victoria miaka ya 1990, boti zilikwama Kisumu, na kule Jinja kituo cha Owen Falls kilisumbuliwa na gugu hilo kwenye nyavu zake na kwenye maji ya kupozea mitambo. Wenzetu walitumia fedha nyingi kujifunza kwamba maji yanayoingia kwenye mashine lazima yapitie mlangoni, na mlangoni lazima pawe na mtu.

Sasa nije kwenye siku ya neti.

Sitamtaja mwanakamati aliyeibuni, maana nia yake ilikuwa njema na mkewe ni rafiki wa mke wangu. Mshale wa joto ulikuwa umeanza kupanda, naye akasema jambo la kweli: kuna uchafu unaoingia. Akaenda nyumbani, akarudi na neti ya mbu, ile ya bluu ya kugawiwa kliniki, akaikunja mara nne akaifunga kwenye mdomo wa hosi ndogo ya kipampu kwa kamba ya katani. Kijana mmoja akasimamishwa juu ya jiwe kuangalia mamba. Hosi ikarudishwa majini, injini ikawashwa, na kwa muda mfupi mambo yakawa mazuri, mshale ukashuka, tukapongezana.

Mimi nilikuwa nimeishika hosi. Kwanza niliihisi ikitetema, kisha ikaanza kunywea mkononi, ubavu mmoja ukaugusa mwingine, ikawa bapa. Neti ilikuwa imevaa ukoga wa kijani na tope laini, tundu zote zimeziba, na kipampu kilikuwa kinavuta kisichokuja. Ndani ya kipampu mna impela, yaani gurudumu la mpira lenye mapezi yanayopinda, na mpira huo hulainishwa na maji yenyewe. Maji yakikosekana haichukui muda mrefu kabla haujaungua. Harufu ilifika kabla ya kelele. Nikapaza sauti wazime. Mwenye swichi akauliza kama mwenyekiti amearifiwa.

Injini ilizimwa, mwishowe, kwa idhini.

Fundi mliyemwita kesho yake alibadilisha impela, akalipwa, akaenda. Ile ya zamani niliiokota kwenye vumbi, nikayahesabu mapezi: matatu hayakuwepo. Kila fundi wa boti anajua swali linalofuata, nalo ni “yako wapi?” Pezi la mpira haliyeyuki. Limekatika, limesukumwa mbele, limeingia kwenye kipoza-joto likakaa mdomoni mwa mirija, na impela mpya itasukuma maji kwenye mlango uliofungwa. Nililisema hilo. Nikaambiwa fundi ana cheti. Mshale ukapanda tena, silinda hedi ikapinda, gasketi ikapasuka, maji yakaingia kwenye oili, na injini ikanyamaza katikati ya msimu wa nyanya.

Nilipofungua kifuniko cha kipoza-joto, mbele ya katibu, mapezi yote matatu yalikuwepo, yamelala pamoja na majani ya muguka na kipande cha uzi wa bluu. Kumbukumbu za mkutano zimeandika kuwa injini iliharibika “kwa mapenzi ya Mungu”. Mungu, mzee wangu, hana kura kwenye kamati yetu, ndiyo maana huwa rahisi kumwandikia mambo.

Kwa kuwa mchango wa kununua hedi mpya umekwisha kutangazwa, na kwa kuwa kila mwanachama atalipa sawa, aliyepata fulana na asiyepata, naomba ruhusa kueleza jinsi kazi inavyopaswa kufanywa safari hii. Nitasema kwa lugha ambayo hata mweka hazina hataweza kusema ilikuwa ya kitaalamu mno.

Tatizo la kwanza ni banda lenyewe. Lilijengwa juu ya mteremko ili lionekane kutoka barabarani, na linaonekana vizuri. Lakini pampu haivuti maji kwa nguvu zake peke yake. Ni hewa ya dunia inayoyasukuma maji juu ndani ya bomba, na hewa hiyo ina kikomo. Usawa wa bahari, kikomo hicho ni mita 10 na kidogo, tena kwa hesabu za kitabuni. Hapa Kamburu tuko kiasi cha mita 1,000 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, kikomo hushuka hadi mita 9 hivi, na kwa bomba lenye viungo kama vyetu pampu ikivuta mita 6 tuishukuru. Bwawa nalo hupanda na kushuka. Kiangazi likiwa limepungua, yule kipampu mdogo, aliyezaliwa kukaa karibu na usawa wa maji ndani ya boti, anaombwa kunywa kutoka ghorofa ya chini. Ukimwongezea na neti mdomoni, humtendei haki.

Kwa hiyo kipampu kisivute bwawani kabisa. Pampu kubwa ya umwagiliaji ndiyo yenye misuli, na hata hiyo ishushwe karibu na maji, barabara itatusamehe. Kwenye bomba lake la kutolea maji tutoe tawi dogo lijaze tangi la lita 500 lililoinuliwa juu ya kichwa cha injini, lenye boya la kufunga likijaa. Bomba la kutoka tangini litobolewe shubiri moja juu ya kitako, si kitakoni, ili mchanga na tope zito vitulie chini na kutolewa kwa koki yake kila wiki. Hapo tumeuondoa uchafu mzito kabla hata ya chujio, na asubuhi injini inapowashwa tangi tayari lina maji ya jana.

Chujio likae kati ya tangi na kipampu. Tangulize valvu, kisha chujio, kisha kipampu. Hosi ikiwa ya inchi moja, chujio liwe la inchi moja na robo. Matundu ya kikapu yawe madogo kuliko mirija ya kipoza-joto, basi. Yakiwa madogo kupita hapo tunarudi kwenye mambo ya neti. Na ukijumlisha eneo la matundu yote lipite eneo la mdomo wa bomba mara tatu au nne, ili kikapu kikiziba nusu maji bado yapite. Kila kiungo kifungwe klipu mbili. Hosi iwe ile yenye waya ndani yake, isiyonywea.

Halafu kuna mshale. Ubavuni mwa kila chujio pamechorwa mshale, nao unaonyesha maji yanakoelekea. Ninautaja kwa sababu valvu ya kuzuia maji yasirudi, iliyofungwa kwenye pampu kubwa kabla ya uzinduzi, ilifungwa mshale ukielekea bwawani, na tulipoteza siku nzima tukiilaumu Kamburu.

Kuliweka chujio chini ya tangi kuna faida moja ambayo hata mafundi wengine huisahau. Chujio likiwa upande wa kuvuta na kifuniko chake hakijakazwa, haliwi na dalili: hakuna tone linalodondoka, ila hewa inaingia kimyakimya, na kipampu kinapiga mapovu hadi kiungue. Likiwa chini ya tangi, kasoro ile ile inakuwa tone sakafuni. Tone hata mjumbe wa vijana ataliona.

Pampu kubwa nayo isiachwe uchi. Mwisho wa bomba lake la kufyonza uwe na kikapu cha bati lenye matundu pamoja na valvu ya chini, na kikapu hicho kisilale kwenye tope wala kisielee na takataka. Kining’inizwe chini ya boya, mitungi miwili ya plastiki yatosha, kikae kama mita moja chini ya uso wa maji. Bwawa likipanda kinapanda nalo, likishuka kinashuka, na hakuna mtoto wa mtu atakayetumwa kupiga mbizi mahali penye viboko na mamba. Boya lifungwe kamba ndefu ya kulivutia ukingoni siku ya kusafisha.

Maji yanayotoka kwenye kipoza-joto yaende mferejini, si kwenye bomba la moshi. Kiwiko kile cha baharini kiondolewe, bomba kavu la chuma latosha. Nyanya hazihitaji masizi.

Wapo watakaosema haya yote yangeepukika kwa njia ya wazee, nami nakubaliana nao nusu. Vinu vya kusagia mahindi tulivyokulia navyo, vyenye injini za Lister kutoka Dursley, Uingereza, na nakala zake kutoka Rajkot, India, zile za kuzunguka mara 650 kwa dakika zikipiga tu-tu-tu hadi zikasikika kijiji cha pili, havikuwahi kudai chujio. Kando ya injini palisimama pipa la maji. Maji yakipata moto ndani ya injini hupanda yenyewe hadi juu ya pipa, yaliyopoa hushuka kuingia chini ya injini, na mzunguko huo huenda mchana kutwa bila pampu, bila kuchukua tope la mto wowote. Hata yetu ingeweza kupozwa hivyo, kwa pipa kubwa na mabomba mapana. Kwa kweli pipa lilinunuliwa. Limo kwenye hesabu za mwaka jana, ukurasa wa pili. Nimeliona kwa macho yangu likikinga maji ya mvua kwenye nyumba fulani yenye mabati mapya, na linakinga vizuri.

Na kabla hamjapanga ziara nyingine ya mafunzo, nikumbushe ile ya Mitunguu. Wenzetu wa Imenti Kusini wanamwagilia tangu miaka ya 1980 kwa maji ya Thingithu yanayoshuka kwa mteremko, bila tone la dizeli. Mlikwenda, mkapiga picha na mikungu ya ndizi, mkarudi mkanunua injini. Sijui ni nani aliyewaongoza shambani, ila natamani angewaanzishia safari kule juu, kwenye mlango wa maji. Mradi wa vinyunyizio kama wao hauishi wiki moja bila maji yaliyochujwa, maana tundu la kinyunyizio ni dogo kuliko kisingizio chochote. Mlianzia kwenye ndizi, mkaishia kwenye ndizi.

Nimebakiza jambo gumu, nalo si la spana. Chujio likifungwa vizuri litajaa uchafu. Ndiyo kazi yake. Lisipofunguliwa litaziba, na likiziba tutarudi kwenye hedi iliyopinda, safari hii tukiwa na chujio la kuonyesha wageni. Kwa hiyo awepo mtu mmoja, si kamati ndogo, wa kufungua kifuniko kila asubuhi kabla ya kuwasha, na mara tatu kwa siku masika yakiwa yamekolea. Afunge valvu ya tangi kwanza, asipofanya hivyo ataoga. Atoe kikapu, akimwage, akisuuze, aipake gasketi ya mpira grisi kidogo, arudishe, afungue valvu. Aandike kwenye daftari alichokikuta. Alipwe. Najua kifungu cha “marupurupu” kimejaa, lakini mtu huyu hahitaji posho ya kusafiri, kazi yake iko hatua kumi kutoka bandani.

Kuna hatari moja tu katika utaratibu huo: kufunga valvu na kusahau kuifungua, kisha kuwasha injini. Mafundi wa boti walilimaliza jambo hili zamani. Ufunguo wa injini huning’inizwa kwenye mpini wa valvu. Ukitaka kuwasha, lazima uende ukaushike mpini. Hakuna semina inayohitajika.

Bei ya chujio, hosi yenye waya na klipu zake nimeulizia. Haifiki bei ya mbuzi wawili wa siku ile, hata wale wembamba. Impela ya akiba inunuliwe pamoja nalo, iwekwe bandani, isiwekwe nyumbani kwa mtu.

Ombi langu ni dogo. Jumamosi ijayo nitakuwa bandani kuanzia saa mbili asubuhi nikiwa na spana zangu, na sitadai malipo. Ninachohitaji ni tangi, ambalo mradi unalo, na pipa, ambalo mradi ulikuwa nalo. Ninahitaji pia ule ufunguo wa injini ambao katibu amekuwa akiuweka mfukoni kwa usalama, hata siku aliposafiri Nairobi nasi tukayangoja maji hadi Jumatatu. Auache kwenye mpini wa valvu. Mkitaka kukata utepe mnakaribishwa, ila uwe mfupi, usije ukaingia kwenye hosi.

Wako mtiifu,
Mwanachama mwenye robo ekari ya nyanya, mwisho wa mfereji.

Nakala:
Chifu wa lokesheni, kwa taarifa.
Mjumbe wa vijana, pamoja na pongezi kwa mjukuu.
Mweka hazina, ambaye najua ameanza kusoma hapa chini kuona kama jina lake limetajwa. Halijatajwa. Pipa limetajwa.